Pembe ya ng'ombe, pembe ya chumba, pembetatu: ni neno moja kweli?

mama_shifa (Mbarara)
Habari zenu jamani, naombeni msaada. Mtoto ameanza kusoma Kiswahili shuleni, juzi kaja na daftari kachora pembetatu ananiuliza mama mbona hiki kitu kina pembe na si ng'ombe, nikakosa la kumwambia. Huku kwetu Ankole pembe tunazijua, ihembe, na ng'ombe wetu mmewaona wenyewe. Sasa Kiswahili naona pembe ya ndovu, pembe ya chumba, pembe za hesabu, "kaa pembeni", mara Pembe ya Afrika. Yote hayo ni neno moja ama yamefanana tu? Na ni la Kiarabu?

mwl_jinja
Mama Shifa, ni neno moja na ni la kwetu Wabantu kabisa, Kiarabu hakimo. Wewe umeshalitaja mwenyewe, ihembe. Waganda wanasema ejjembe, Wanyarwanda ihembe kama nyinyi, Waswahili pembe, ni ukoo mmoja ila sauti ya mwanzo imegeuka kila mahali kivyake. Maana ya kwanza ni ya mnyama, halafu chochote kilichochongoka kikatokeza nje kikapewa jina hilohilo, ndiyo maana ukiangalia ramani pale Somalia inavyochomoza baharini unaelewa mara moja kwa nini panaitwa Pembe ya Afrika. Nyumba nayo isimamie kwa nje, kuta mbili zinapokutana si zinachongoka? Ukiingia ndani mahali ni palepale, jina halibadiliki. Hesabu zikachukua hapo: pembetatu, pembenne, pembe kali ile isiyofika nyuzi 90, pembe butu inayozidi. Kwenye maumbo la Kiarabu ni kama mraba, hilo limetoka kwenye nne, arbaa. Duara pia.

kisenyi_dukani
Mwalimu umeruka ya ndovu, na hiyo ndiyo kubwa kwetu Uganda! Ile kitu ni jino, inaota kwenye taya la juu, haina uhusiano na pembe ya ng'ombe. Luganda kinatenganisha, ya ng'ombe ni ejjembe, ya ndovu ni essanga. Kiswahili kiliangalia umbo tu, limechongoka limepinda, basi pembe. Na biashara ya hizo pembe ndiyo ilileta misafara ya pwani mpaka kwa Kabaka Suuna miaka ya 1840, Kiswahili kikaingia Buganda pamoja na vitambaa na bunduki. Watu wakisema hapa Kiswahili ni lugha ya jeshi tu mi huwa inaniuma, kilikuja na wafanyabiashara, jeshi limekikuta.

fundi_bweyo
Sisi saiti hatusemi pembe bana tunasema kona. Nikisetia nyumba napima kutoka kona futi 3 upande huu nagonga kigingi, futi 4 upande ule nagonga kingine, halafu kamba ya kuunganisha vigingi lazima isome futi 5 kamili, ikisoma tano na inchi moja kona imefunguka, narudisha kigingi kabla hatujachimba msingi. Mwonyeshe mtoto hiyo, hapo ana pembetatu na pembe mraba chini kabisa kwenye udongo. Ila sasa kona ni Kiingereza si ndiyo?

abu_yusuf_arua
Ni Kiingereza ndugu fundi, lakini Waingereza walilipokea kwa Wafaransa na mzizi wake ni cornu la Kilatini, na cornu maana yake ni pembe, pembe ya ng'ombe hasa! Yaani ukisema kona umesema pembe kwa njia ndefu. Kiarabu nacho kina qarn, ni pembe, na qarn hiyohiyo ni miaka 100, ndiyo tumepata karne. Katika Suratul Kahf yupo Dhulqarnaini, na wengi wanalitafsiri mwenye pembe mbili. Lugha zilizo mbali hivi na zote zimeona pembe imebeba zaidi ya kichwa cha mnyama, mi hilo linanifurahisha sana.

mama_shifa (Mbarara)
Mungu awabariki, nimeshamsomea yote. Anauliza tena, nyingi ni pembe ama mapembe?

mwl_jinja
Pembe moja, pembe mbili, daftarini aandike hivyo. Mapembe ni yakiwa makubwa kupita kiasi. Ya ng'ombe wenu hayo aseme tu mapembe, hakuna mwalimu atamkata maksi.