Mjadala: Gram Parsons aingizwe Jumba la Heshima la Kantri, au abaki nje?

Wapenzi wa kantri, hasa sisi ambao nyumbani Jumapili haikupita bila redio kumpiga Jim Reeves na Don Williams, naomba tulijadili hili. Mwaka 2008 Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri kule Nashville lilimpokea mwimbaji Emmylou Harris. Alistahili. Lakini Gram Parsons, mwimbaji Mmarekani aliyemkuta Emmylou akiimba vilabuni Washington akamwingiza studio, bado yuko nje. Hilo linaniuma.

Ushahidi wangu ni albamu moja: GP, ya Januari 1973, ya kwanza kuitoa kwa jina lake baada ya kupitia bendi za The Byrds na The Flying Burrito Brothers. Wanaompinga husema ni mtu wa roki aliyekuja kantri kutembea tu. Mtembezi gani huyo? Alikusanya wapigaji wa Elvis Presley mwenyewe: James Burton kwenye gitaa, Glen D. Hardin kwenye piano, Ronnie Tutt kwenye ngoma. Fidla ya Byron Berline hakuificha nyuma. Akauchukua "Streets of Baltimore", wimbo uliovuma na Bobby Bare mwaka 1966, akauimba kwa heshima zote za wenyewe. Hiyo ni kantri, tena ile ya kizamani ambayo wakati huo Nashville yenyewe ilikuwa ikiifunika kwa okestra za ala za nyuzi.

Mwenye maoni tofauti karibu.

— Mkuu, albamu hiyo haikugusa chati. Jamaa ana albamu mbili tu za peke yake, na ya pili ilitoka ameshafariki. Halafu sauti yenyewe dhaifu, inakwaruza. Emmylou ndiye anayembeba.

— Ndugu yangu, la mauzo nakubaliana nawe, hayakuwepo. La sauti hapana. Sikiliza "A Song for You" ya humo kwenye GP usiku, nyumba ikiwa kimya. Pale sauti inapotaka kukatika ndipo maneno yanapokuingia, na Emmylou anaitikia kwa utulivu kama mtu anayemshika mwenzake mkono gizani. Ukimtafutia mwimbaji mwenye sauti safi zaidi, wimbo unakufa.

Na hilo la kubebwa tulitazame vizuri. Gram alifariki Septemba 19, 1973, akiwa na miaka 26. Emmylou alipounda bendi yake, Hot Band, aliwachukua nani? Burton na Hardin, walewale wa GP. Kile tulichokuja kukipenda kwake kuanzia 1975 kilipikwa kwenye albamu hii ambayo hakuna aliyeinunua. Yeye mwenyewe aliendelea kuziimba nyimbo za Gram jukwaani miaka na miaka.

Kwa hiyo anayesema abaki nje anijibu: mlango ule unapima mauzo, au unapima nani alibadilisha muziki?