Klonotaipu kubwa kwa RNA ya tezi, hii ni limfoma kweli?

mwana_ngara: Habarini wadau, naomba msaada juu nimekwama wiki mbili sasa. Tuko na RNA ya tezi za limfu za wagonjwa walioshukiwa limfoma (saratani ya seli za kinga), nikapitisha kwa TRUST4, programu ya kompyuta, inijengee sikwensi za antibodi. Sampuli A klonotaipu moja (sikwensi ya antibodi ya klonu moja, yaani seli za ukoo mmoja) imebeba karibu nusu ya ridi zote (vipande vya RNA vilivyosomwa) za mnyororo mzito wa antibodi, sampuli B kubwa kabisa haifiki asilimia 10, lakini daktari wa patholojia anasema B ndio limfoma na A ni tezi imevimba tu!! Kwani kuna kiwango gani mtu akipita anasema hii ni klonu ya ugonjwa?

bio_umoja: Pole sana. A inakuchanganya juu ni RNA. Seli moja ya plasma (seli B iliyokomaa kuwa kiwanda cha antibodi) inatoa RNA ya antibodi mara mamia kushinda seli B ya kawaida, so seli chache tu zinaweza kufunika tezi nzima, na wewe unahesabu ridi ukidhani unahesabu seli. Cheki SDC1 na XBP1, jeni ambazo seli za plasma huwasha sana, zikiwa juu ni hizo. DNA ndio inakupa picha ya idadi, kila seli hubeba mpangilio mmoja au miwili wa jeni za antibodi basi.

mama_pipeline: Na B pia usiiache hivyo. Kama ni limfoma ya folikula (aina moja ya limfoma ya seli B), seli zake huendelea kubadilisha jeni za antibodi hata zikishakuwa saratani, kwa hivyo klonu moja programu inaikatakata inaona ni nyingi. Unganisha zenye V moja, J moja (vipande vya jeni vinavyoungana kuunda antibodi), urefu sawa wa CDR3 (sehemu inayotofautiana zaidi kwa antibodi) na herufi zinazokaribiana, alafu angalia mnyororo mwepesi, ambao una aina mbili, kapa na lambda: kwa kawaida kapa huwa kama mara mbili ya lambda, ikilalia upande mmoja kabisa hapo kuna neno. Kiwango kimoja cha wote hakuna, linganisha na tezi za kawaida zilizosomwa kwa kina sawa, na tafadhali matokeo yasifike kwa mgonjwa bila patholojia, klonu pekee sio saratani.

mwana_ngara: Asanteni sana!! Nimeunganisha, B vipande vingi vimeingia familia moja na mnyororo mwepesi karibu wote ni lambda. A SDC1 iko juu sana. Bloku za nta zenye vipande vya tezi vilivyohifadhiwa bado ziko, kesho naomba DNA.

bio_umoja: DNA ya bloku huwa imekatikakatika, anza na praima za FR3 (vianzio vya PCR vinavyoshika sehemu ya jeni ya antibodi karibu na CDR3), kipande chake ni kifupi.