Kupeleka wageni kwa Wahadzabe: utaratibu ukoje?

Mkazi wa Sakina: Wakuu, kuna wageni 9 wanashuka kutoka Ngorongoro, wanaomba siku moja kwa Wahadzabe, wale wawindaji, na majirani zao Wadatoga, wafugaji na wahunzi. Analipwa nani, tulale wapi, zawadi gani inafaa? Sipendi iwe safari ya kuwakodolea watu macho.

Dereva wa Njiro: Mkuu, laleni Mang'ola, kule Ziwa Eyasi, si Karatu. Kutoka Karatu ni kama kilomita 50 za vumbi, na wawindaji hutoka alfajiri. Ukifika saa mbili wameshaondoka, mtaishia kuonyeshwa wakilenga gogo.

Usiingie kambini moja kwa moja. Pita ofisi ya utalii wa utamaduni hapo Mang'ola, lipa, chukua risiti na mwongozaji anayejua Kihadzane. Hela ya pembeni kwa mzee mmoja huzua ugomvi, na wanawake, ambao mizizi na mabuyu yao ndiyo chakula cha kambi mawindo yakikosekana, hawaambulii kitu. Shanga nunueni mikononi mwao, kwa bei wanayotaja.

Tisa nyuma ya wawindaji ni wengi, wanyama watasikia viatu mapema. Wanne wafuate wawindaji, watano waende na akina mama kuchimba mizizi. Suruali ndefu, viatu vya kufunika, maji lita 2 kila mtu. Miiba ni mingi na wale vijana hukimbia. Waambie mapema kwamba huenda wakarudi na ndege mmoja au mikono mitupu. Mgeni asiahidi bakshishi ili mnyama auawe.

Mama Moshono: Pombe marufuku, hata chupa moja ya kuagana. Kambi za karibu na barabara zimeumia sana kwa hilo. Peremende pia hapana. Mkitaka kuongeza, mwulizeni mwongozaji kambi imepungukiwa nini. Mara nyingi ni unga.

Kwa Wadatoga anzeni jioni mnapofika, kwa wahunzi. Huyeyusha makufuli ya shaba kwa mivukuto ya ngozi wakapata bangili, na misumari huifua iwe vichwa vya mishale. Wahadzabe huvichukua kwa kubadilishana na asali. Asubuhi wageni watajua mshale umetoka wapi.

Mkazi wa Sakina: Asanteni. Na Yaeda?

Dereva wa Njiro: Yaeda Chini iko Mbulu, Manyara. Wahadzabe wa huko wana hatimiliki ya kimila ya ardhi yao tangu 2011, hivyo ruhusa huanzia ofisi ya kijiji, siku kadhaa kabla. Pori lake ni zuri kuliko la Mang'ola, ambako mashamba ya vitunguu na mifugo vimebana mawindo. Ila siku moja haitoshi, baki Mang'ola.