Skrini mpya ya 4K, gemu limeanza kukwama. Kadi imechoka kweli?

Dereva wa Uyole
Wakuu, habari za jioni. Nina kompyuta ya mezani, prosesa (ubongo wa kompyuta) i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 16, kadi ya kuchora picha GTX 1050 Ti ya GB 4. Jioni nikifunga duka nacheza gemu la malori. Kwenye skrini ya zamani, 1920 kwa 1080, lilikuwa linateleza tu, fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde. Juzi nimepata skrini ya 4K, mtumba lakini safi. Gemu lilelile, setingi zilezile: fremu 17, zikizidi sana 19. Nakata kona, usukani umeshazunguka, lori linafuata baadaye. Feni inavuma hadi mtoto anaamka. Muuzaji anasema kadi imechoka, ninunue nyingine. Nisaidieni, hela ni ya mawazo.

Fundi Simu na Kompyuta
Mkuu, usitoe hata shilingi. Kadi ni nzima, ila umeibebesha mzigo mara nne. 1920 mara 1080 ni pikseli (nukta za picha) 2,073,600. Hiyo mpya ni 3840 mara 2160, yaani 8,294,400, na kila fremu zote zinapakwa rangi upya: kivuli, mwanga, lami iliyolowa. Inaniuma sana mtu kuuziwa kadi kwa sababu ya hesabu ya kuzidisha.

Ingia kwenye setingi za gemu, shusha rezolusheni, yaani idadi ya pikseli, iwe 1920 kwa 1080. Windows iache palepale kwenye 4K. Fremu zikipanda, ujue kadi ndiyo ilikuwa inaelemewa. Zisipopanda, tatizo liko kwa prosesa, maana yeye anakokotoa mwendo wa magari na foleni, na hesabu hizo hazijali skrini ina nukta ngapi.

Halafu angalia vioo vya pembeni vya lori. Kila kioo ni mandhari inayochorwa mara ya pili. Weka ubora wake chini.

Mama Junior PC
Naongezea kidogo kaka. Kipanya nacho kinaruka-ruka ukiwa nje ya gemu? Kama ndiyo, tazama Hz, yaani skrini inabadili picha mara ngapi kwa sekunde. Waya au mlango wa HDMI 1.4, toleo la zamani, kwenye 4K unaishia Hz 30. Tumia waya wa DisplayPort, kadi yako inao mlango huo.

Dereva wa Uyole
Nimerudi. Skrini ilikuwa kwenye Hz 30 kweli! Nimeazima waya wa DisplayPort kwa jirani, sasa ni 60. Gemu kwenye 1080: fremu 60. Nimejaribu 2560 kwa 1440 na vioo chini: 38 hivi, na maandishi ya dashibodi yana ukungu kidogo.

Fundi Simu na Kompyuta
Huo ukungu ni wa kawaida. 1440 haigawanyiki sawasawa ndani ya 4K, wakati kwa 1080 pikseli moja inakalia nukta nne kamili. Baki 1080 kwenye gemu. Hiyo 4K itakufaa kwenye hesabu za duka, herufi zinakaa vizuri machoni. Mtoto amelala?

Dereva wa Uyole
Amelala fundi. Feni haisikiki kabisa.