Vichwa vimepakwa rangi lakini madini ya risasi bado yanaganda mtutuni: tatizo liko wapi?

Mlenga_9mm
Wakuu, naomba msaada. Bastola ni CZ 75 ya 9mm, mtutu wa kiwandani. Maganda najaza mwenyewe kwa ajili ya mashindano ya klabu hapa Marekani. Vichwa, yaani sehemu inayoruka, ni vya madini ya risasi, greni 147 (karibu gramu 9.5), vimepakwa rangi ya unga na kuokwa, kipenyo inchi 0.356 kwa maikromita. Raundi hamsini tu, ukimulika mtutu unaona michirizi ya kijivu inayong'aa, mingi iko mbele kidogo ya chemba (mahali raundi inapokaa), na shabaha inaanza kutawanyika. Dawa ya kusafishia haiigusi kabisa. Rangi ndiyo mbovu? Na hii iliyoganda inatokaje bila kuumiza mtutu?

Mzee_wa_Presi
Mkuu, kwanza hakikisha ni madini kweli. Rangi ikibaki mtutuni huacha alama ya rangi yake, na kitambaa chenye asetoni huifuta. Masizi hutoka kwa dawa ya kawaida. Madini ya risasi hayayeyuki kwa dawa hizo, ndiyo maana yako inapita juu tu. Hayo ni ya kukwangua.

Toa magazini, kagua chemba, kisha vua mtutu. Tafuta waya wa kusugulia sufuria wa shaba tupu. Ugusishe sumaku: ukinasa, ni chuma kilichopakwa shaba, uachie sufuria. Kata nyuzi chache uzizungushie kwenye brashi kuukuu ya bronzi ya 9mm mpaka iingie kwa kubana. Sukuma kuanzia chemba hadi itokeze mdomoni ndipo uirudishe, usiigeuze katikati. Tandika karatasi nyeupe chini, utaona magamba membamba ya rangi ya fedha yakidondoka. Yakikaidi kwenye pembe za mifereji ya ndani ya mtutu, tia mafuta ya kupenyeza kutu, yalale usiku mmoja, urudie.

Chap_Chap
Mbona kazi yote hiyo? Siki na haidrojeni peroksaidi, nusu kwa nusu, ziba upande mmoja wa mtutu, jaza. Dakika tano kwisha. Au piga raundi chache zenye koti la shaba, zinayazoa yote.

Mzee_wa_Presi
Zote mbili hapana. Mchanganyiko huo hugeuza madini kuwa asetati ya risasi, sumu inayoyeyuka kwenye maji na kupita hata kwenye ngozi. Halafu unakula rangi nyeusi ya chuma, na ukizidisha muda unaacha vishimo. Raundi za koti la shaba kwenye mtutu ulioganda huweza kuyagandamiza zaidi, na njia ikiwa nyembamba shinikizo hupanda. Hata ukikwangua kwa shaba, vaa glavu, nawa kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa chakula, na vitambaa vichafu vifunge kwenye mfuko.

Fundi_Chemba
Tuje kwenye chanzo, maana kusafisha bila kukijua ni kuchota maji kwa pakacha.

Yakiganda karibu na chemba, mara nyingi kichwa ni chembamba kuliko mtutu, au kimechubuliwa kabla hakijatoka kwenye ganda. Gesi hupenya pembeni, huunguza rangi, huyeyusha ngozi ya kichwa na kuibandika kwenye chuma. Utasema kipenyo ni 0.356. Hicho ni kipimo cha kabla ya kukiingiza kwenye ganda. Ganda la 9mm hunenepa ndani kadiri unavyoshuka, na kichwa cha greni 147 ni kirefu, kitako chake hufika huko kwenye unene. Kikibanwa, hakirudi.

Jaza ganda moja bila baruti na bila kiwashio, libane mdomo kama kawaida, kisha kitoe kichwa kwa nyundo ya kutolea. Pima kitako. Angalia pia rangi: ukiona duara lililochubuka hadi madini yanaonekana, mdomo wa ganda haukupanuliwa vya kutosha. Upanue mpaka kitako kikae chenyewe bila kukishikilia. Kubana mwishoni ni kuondoa ule upanuzi tu, inchi 0.378 hadi 0.380 mdomoni. Wengi hukaza wakidhani ndiyo inayoshika kichwa, kumbe wanakikata rangi.

Mtutu nao upime. Sukuma kipande laini cha madini ya risasi matupu chenye mafuta kwa fimbo ya mbao, upime sehemu nene. Kichwa kinatakiwa kuuzidi kwa elfu moja ya inchi.

Rangi yenyewe: isugue kwa kitambaa chenye asetoni, ikitoka, haikuiva. Kiponde kingine kwa nyundo; ikibanduka vipande vipande, ni mbovu. Nyuzi 200 za selsiasi, dakika kumi na ushee, ukihesabu tangu vichwa vyenyewe vipate joto, si tangu ufunge mlango. Oveni hiyo isirudi jikoni.

Mlenga_9mm
Nimefanya. Asetoni haikutoa kitu, nyundo pia sawa. Mtutu 0.3555. Kichwa kilichotolewa kwenye ganda kinasoma 0.3540 kitakoni, na kuna mchubuko upande mmoja.

Fundi_Chemba
Basi rangi haina kosa, ni ganda na kipanuzi (kifaa cha kupanulia mdomo wa ganda). Kipanuzi cha 9mm kimetengenezwa kwa vichwa vya koti la shaba vya 0.355, hakiingii kina cha kutosha. Weka cha .38 S&W (Smith & Wesson), ni kinene na kirefu zaidi. Maganda yenye ngazi kwa ndani yatenge, hayafai kwa greni 147. Ukitaka kupanda hadi 0.357, dondosha kwanza raundi ya majaribio, isiyo na baruti wala kiwashio, kwenye mtutu uliovuliwa: iingie kwa uzito wake, izunguke, itoke yenyewe. Chemba za CZ zina koo fupi (nafasi iliyo kabla ya mifereji kuanza). Ikigoma, usikishindilie kichwa ndani zaidi bila kuangalia upya jedwali la vipimo vya baruti, kwani nafasi ya baruti ikipungua shinikizo linapanda haraka kwenye 9mm.