Fae wa watu wazima: nianze na Maas, Black au Fawcett?

Shiro_Kahawa
Wadau, hamjambo. Riwaya za mapenzi za kawaida nasoma sana, fantasia ndiyo sijaizoea. Nina chaguo tatu: mfululizo wa Sarah J. Maas unaoanza na A Court of Thorns and Roses, ule wa Holly Black unaoanza na The Cruel Prince, na Emily Wilde's Encyclopaedia of Faeries cha Heather Fawcett. Nataka mapenzi ya watu wazima, na nataka kujua hawa fae, viumbe wa kichawi wa ngano za Ulaya, wanapendewa nini hasa. Nasomea kwenye matatu ya Thika Road, kwa hivyo unene wa kitabu pia unahesabika. Mwisho msinifichulie tafadhali.

Tanbihi_Ndogo
Kimoja kiondoe mapema. The Cruel Prince (2018) kwa fitina za ikulu kinawashinda hao wengine wote, lakini Jude, mhusika mkuu, ana miaka 17 na kitabu kimeandikiwa vijana. Ukikifuata kwa mapenzi ya watu wazima utakilaumu bure.

Wanabaki wawili, na ladha zao haziko karibu hata kidogo. Cha Fawcett (2023) ni shajara ya mwanazuoni wa Cambridge mwaka 1909, anayekwenda kuchunguza fae katika kijiji chenye theluji huko kaskazini. Emily ni mkavu, hapendi watu, na raha yote ni kumwona mtu anayezijua kanuni akizitumia: chuma, majina, zawadi ambazo hazipokelewi. Mapenzi yapo, ila yanachemka kwa moto mdogo na hayaendi mbali. Kwa Maas ni mwili, hasira na vita. Mimi ningeanza na Fawcett.

BintiPwani
Wanapendewa nini? Sisi tuliolelewa na habari za jini mahaba hofu yenyewe tunaijua: kiumbe mzuri kupita kiasi, hazeeki, amekuchagua wewe, na wachumba wako wote wanakimbia. Kwetu huyo hutafutiwa mganga wa kumtoa. Kwenye riwaya hizi anafunguliwa mlango.

Lakini jini mahaba haombi ruhusa. Fae wa mapokeo ya Uskoti na Ireland mara nyingi hufanya kwa mapatano, na inasemwa kwamba hawezi kutamka uongo, kwa hivyo atakuzungusha kwa kweli tupu. Ndiyo maana maneno yake ya mahaba unayasoma mara mbili, kama mkataba wa nyumba ya kupanga. Akisema "usiku huu hutadhurika", akili inakimbilia kesho asubuhi.

Black ameishika kanuni hiyo barabara: fae hawawezi kusema uongo, Jude anaweza, na hiyo ndiyo silaha yake. Maas ameitupa. Katika kitabu chake cha kwanza Feyre, mhusika mkuu, anaambiwa kwamba habari za chuma kuwadhuru na za kutosema uongo ni imani za binadamu tu. Kinachowaua ni mbao za mti uitwao ash. Kilichobaki kwake ni mapatano yenyewe: wiki moja kila mwezi kwenye ikulu ya mtu usiyemwamini, na mchoro unaokutokea mkononi kama risiti. Kwa hivyo anayetafuta mafumbo ya maneno asiende kwa Maas.

Otis_Rongai
BintiPwani, dada, umeambiwa usifichue halafu umetaja mchoro! Haya, si mwisho.

Shiro, mpangilio wa Maas ni 2015, 2016, 2017, 2018, kisha 2021, usiruke huku na huku. Watu wengi huachia njiani nusu ya kwanza ya kitabu cha kwanza: uwindaji, jumba kubwa, rangi za kuchora, mazungumzo ya mezani. Vumilia mpaka theluthi ya mwisho, kwenye majaribio matatu na kitendawili. Kisha usiutolee mfululizo hukumu kabla ya kufika katikati ya kitabu cha pili, maana hicho kinapindua ulichodhani kuhusu mwanamume wa kwanza. Cha 2018 ni kifupi, ni cha sikukuu, hakina vita. Azima, usinunue. Usikiruke lakini, kwa sababu kinamwandaa Nesta, dada yake Feyre, kwa kitabu cha 2021.

Uzito: cha pili kina kurasa zaidi ya 600, cha 2021 zaidi ya 700. Ukisimama kwenye matatu, mkono mmoja hautoshi.

Shiro_Kahawa
Na mambo ya kitandani? Niambieni wazi.

Tanbihi_Ndogo
Kwa Maas, cha kwanza kidogo. Cha pili yanakuja nusu ya mwisho. Cha 2021 hakuna pazia. Vya mwanzo vilikuwa vikiuzwa kwa vijana, na mwaka 2020 vikapewa majalada mapya na kuhamishiwa rafu za watu wazima, kwa hivyo duka lenye nakala za zamani linaweza kuwa limevipanga pabaya. Wewe mzazi unayesoma hapa, kichwa chenye waridi kisikudanganye.

Kuna pia mchumba anayemfungia mwanamke ndani kwa kisingizio cha kumlinda, mvinyo wenye dawa, na ujauzito wa hatari ambao mjamzito mwenyewe anafichwa hali yake. Hilo la mwisho mwandishi alilibeba vibaya, na mashabiki wake wengi wanalilalamikia hadi leo.

BintiPwani
Hapo tuko pamoja. Ila mpe haki yake kwenye chakula. Kwa mapokeo, binadamu akila cha fae amenaswa. Maas amekigeuza: wawili wakiwa wameunganishwa na kifungo cha roho, mwanamke ndiye anayempa mwanamume chakula kama ishara ya kukubali, na kabla hajampa, kifungo hakimlazimishi. Kuna bakuli la supu katika kitabu cha pili lenye mvuto kuliko kurasa zote za kitandani zinazolifuata.

Inama_Kila_Siku
Mkinunua kwenye inama, vitabu vinavyotandazwa chini kando ya barabara, za katikati ya jiji, kagueni. Vya Maas vinanakiliwa kiharamu sana kwa sababu vinatafutwa. Fungua katikati kabisa ubonyeze mgongo: gundi ya feki inatoa mlio na kurasa zinaanza kuachia, na kitabu kinene ndicho hufa kwanza. Tazama mistari kama imelala upande na herufi kama zina ukungu. Kisha fuatilia namba za kurasa. Hupangwa kwa mafungu, mara nyingi 16 au 32, na fungu likirukwa unatoka ukurasa 192 unaingia 225. Muuzaji hatakurudishia pesa kesho, kwa hivyo kagua ukiwa hapo hapo umeinama.

Otis_Rongai
Na ukipata cha kwanza chenye jalada la zamani, lenye msichana aliyechorwa, chukua. Hadithi ni ile ile.

Shiro_Kahawa
Basi Fawcett kwanza, kwenye simu, Maas baadaye nyumbani.

Tanbihi_Ndogo
Fawcett kwenye simu hapana. Kina tanbihi, na nusu ya mzaha wa Emily umo humo. Kila moja utabonyeza kwenda na kurudi, na matatu ikiruka tuta kidole kinagusa pengine unajikuta sura nyingine. Tafuta cha karatasi, wala si kinene. Kwenye simu weka Maas, ndiye mzito.

Inama_Kila_Siku
Nina nakala safi ya Fawcett, kurasa zote zipo. Tupatane Archives Jumamosi, uje na riwaya moja ya kubadilishana.