Mzee wa miaka 78 ana kisukari na presha: dozi ya nyongeza ya UVIKO-19 bado inasaidia?

Mtoto_wa_Mzee: Wakuu, naombeni ushauri. Baba ana miaka 78, kisukari, presha, na anatumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda). Alichanjwa Pfizer mara ya mwisho 2022. Jirani anamwambia mwili umeshazoea, kurudia hakuna maana. Ni kweli?

Daktari_Zamu: Si kweli, mkuu. Uzeeni kingamwili hupanda kidogo na kushuka mapema, na kirusi chenyewe kimebadilika tangu 2022. Ila ujue inasaidia nini. Israeli ilipowapa wa miaka 60 na kuendelea dozi ya nne, Januari 2022, kinga ya kutoambukizwa ilikuwa karibu imeisha kufikia wiki ya nane. Kinga dhidi ya ugonjwa mkali haikupungua kwa wiki sita zilizofuatiliwa. Kwa hiyo akipata mafua na kikohozi baada ya chanjo, msiseme imefeli. Tunachotaka asifike kwenye oksijeni. WHO inashauri wazee wenye magonjwa sugu kadhaa warudie miezi 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho. Baba amepitiliza.

Mtoto_wa_Mzee: Asante sana dokta. Na hiyo warfarini aiache kwanza?

Nesi_Chanjo: Asiache hata siku moja! Kuganda kwa damu ni hatari kuliko uvimbe wa begani. Hakikisheni INR yake ya karibuni (kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda) iko ndani ya kiwango alichopangiwa, na amwambie mchanjaji kabla ya sindano. Itumike sindano nyembamba, geji 23 au nyembamba zaidi, kisha pabonyezwe kwa pamba dakika 2 bila kusugua. Wengi husugua, damu inavilia chini ya ngozi, halafu lawama zinaiangukia chanjo. Asubiri kituoni dakika 15.

Jioni mkono ukiuma au homa ikija, panado inatosha, siku moja au mbili. Asimeze kabla ya kuchanjwa kama kinga. Diklofenaki na brufeni msimpe kabisa: pamoja na warfarini zinaweza kumtoa damu tumboni. Sukari ipimwe mara nyingi zaidi siku hizo mbili, maana homa huipandisha.

Daktari_Zamu: Niongeze: mafua madogo hayazuii, homa kali ndiyo ya kusubiri ipoe. Kama ameugua UVIKO karibuni, anaweza kusogeza mbele miezi 3 hivi. Chanjo ya mafua ikipatikana, achomwe siku hiyo hiyo, mkono wa pili.